Hukmu ya Kupeleka Mahakamani Uthibitisho wa Adhabu Isiyokamilika

SUALI: Kijana wetu anafanya kazi Kwamndolwa, Korogwe. Mahakama ilimpa adhabu ya kutumikia jamii badala ya kifungo. Zimebaki siku chache, na mama yake huku Unguja ni mgonjwa, anamwita. Msimamizi yuko tayari kumwandikia kuwa amemaliza. Je, inafaa?

JAWABU: Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ammaa baad:

Adhabu yenyewe
Kesi ya Korogwe hufuata sheria za Bara. Huko ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii, namba 6 ya mwaka 2002. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, hakimu anaweza kuamuru aliyetiwa hatiani afanye kazi ya umma bila ya malipo, huku akilala nyumbani kwake. Msimamizi wa kituo, kama skuli au hospitali, huangalia kazi, na taarifa hufika mahakamani kupitia ofisa anayehusika. Anayevunja amri anaweza kurudishwa mbele ya hakimu na kupewa adhabu nyengine.

Hukmu
Haifai, kwa kijana wala kwa msimamizi. Karatasi ile ni ushahidi, na kuandika kisichofanyika ni shahada ya zuri. Surat al-Hajj, aya ya 30, imeitaja kauli ya uongo pamoja na uchafu wa masanamu. Katika hadithi ya Abu Bakra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alihesabu madhambi makubwa zaidi: shirki, kuwaasi wazazi, na ushahidi wa uongo. Alikuwa ameegemea, akakaa kitako alipoufikia huu wa mwisho, akaurudiarudia.

Tuzingatie kuwa kuwaasi wazazi na ushahidi wa uongo vimetajwa pamoja. Basi wema kwa mama hautafutwi kwa uongo, na mzazi hatiiwi katika maasi.

Kozi za mtandaoni
Hukmu ni hiyo hiyo kwa jamaa zetu walioko nje. Katika jimbo la Florida, Marekani, wazazi wenye watoto wadogo wanaotaka talaka mahakamani hutakiwa kusoma kozi ya malezi isiyopungua saa 4 na kuwasilisha cheti. Kozi hiyo huweza kusomwa kwa intaneti. Kumkalisha mwengine mbele ya kompyuta asome na kujibu kwa jina lako ni udanganyifu. Ama asiyejua lugha, akifasiriwa kwa ruhusa na akajibu mwenyewe, hana ubaya.

Afanye nini?
1. Amwendee ofisa kabla ya kusafiri, na hati ya hospitali ya mama yake, aombe mahakama imsogezee siku.
2. Asiondoke mpaka apate jibu kwa maandishi.
3. Akikataliwa, amalize kwanza, na nyinyi ndugu mshike zamu ya kumuuguza mama.
4. Akimaliza, ahakikishe tarehe na saa zimeandikwa sawa, kisha abaki na nakala.

Na ambaye taarifa yake ya uongo imeshapelekwa, toba yake ni kujuta, kuazimia kutorudia, na kwenda kuirekebisha. Atangulize ushauri wa wakili.

Tunamuomba Allah amponye mama na amfanyie wepesi kijana. Wallahu a'lam.