Allahu Aalam: Historia ya Kusita Kabla ya Kuhukumu



Ndugu msomaji, hebu nianze na jambo ambalo huenda umelishuhudia mwenyewe. Tarawehe zimekwisha, vijana wamekaa barazani, kahawa inamiminwa na tende zinazunguka. Mazungumzo yanaanza na mpira, yanapita kwa bei ya unga, mara yanafika kwa fulani. Fulani anasoma maulidi, fulani hasomi. Fulani amefunga kwa mwezi wa Makka, fulani amengoja mwezi wa hapa. Kabla kikombe hakijapoa, fulani ashatolewa katika Uislamu! Hakuitwa, hakuulizwa, hakujitetea.

Basi leo tuzungumze juu ya elimu ya kusita. Wanavyuoni wanaiita tawaqquf, yaani kusimama bila kutoa hukumu mpaka dalili ipatikane. Usidhani ni jambo dogo. Watu wameuawa kwa kukosekana kwake.

WAGIRIKI WALIANZAJE?

Wagiriki wa kale walilifanya jambo hili kuwa falsafa kamili. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Pyrrho wa mji wa Elis, aliyeishi takriban kati ya miaka 360 na 270 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Alifuatana na msafara wa Alexander wa Makedonia mpaka Bara Hindi. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu. Fikra hizo tunazijua zaidi kupitia daktari mmoja, Sextus Empiricus, aliyeandika karne nyingi baadaye.

Njia yao ilikuwa hivi: kila hoja itafutie hoja ya upande wa pili yenye uzito ule ule. Mizani ikisimama sawa, usiegemee popote. Asali walikubali kuwa inaonekana tamu ulimini. Ama kwamba ni tamu kwa dhati yake, hapo walinyamaza. Walisema mtu akiacha kuhukumu namna hiyo, moyo wake hutulia.

Kuna werevu ndani yake, lakini Muislamu hawezi kukaa hapo maisha yake yote. Kuna mambo tumeamrishwa tuyajue kwa yakini, na la kwanza ni Mola wetu. Swali kwetu ni hili: wapi tuwe na yakini, na wapi tusite?

TENDE MOJA NA ROHO ZA WATU

Waislamu wa mwanzo walikutana na swali hilo katika fitna. Mwaka wa 35 Hijriya (656) Khalifa Uthman bin Affan (R.A.) aliuawa nyumbani kwake Madina. Mwaka wa 37 (657) jeshi la Imam Ali (R.A.) na la Muawiya (R.A.) yakapambana Siffin. Pande mbili zilipokubaliana kuweka wasuluhishi, kundi moja likajitoa. Likasema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kila aliyekubali wasuluhishi amekufuru. Hao ndio Khawarij.

Ajabu ni kuwa hawakuwa watu wa kuacha sala. Walikuwa watu wa ibada nyingi na Qur'ani. Wanahistoria wetu wanasimulia kuwa mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini ya mtende, akaitia mdomoni. Wenzake wakamkemea: vipi unaila bila ya idhini ya mwenyewe wala kuilipia? Akaitema. Na watu hao hao wakamchinja Abdullah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, na wakamuua mwanamke wake aliyekuwa mjamzito, kwa kuwa Abdullah alikataa kumsema vibaya Imam Ali. Tende moja waliiogopa. Roho za Waislamu hazikuwashughulisha, kwa sababu walishazihukumu.

Mwisho wake unaujua. Katika mwezi kama huu tulionao, Ramadhan ya mwaka wa 40 Hijriya (661), Abdulrahman bin Muljam, mmoja katika Khawarij, alimpiga Imam Ali upanga msikitini Kufa. Alidhani anajikurubisha kwa Mwenyezi Mungu.

WALIOSEMA "TUAHIRISHE"

Baada ya hapo wakatokea watu waliochoshwa na kukufurishana. Wakasema: sisi hatukuwepo, hatujui yaliyokuwa nyoyoni, basi waliogombana tuwaahirishe kwa Mola wao. Kuahirisha huko kunaitwa irjaa. Neno hilo lina asili katika Qur'ani, Suratu Tawba aya ya 106, inapotaja watu ambao jambo lao limengojeshwa amri ya Mwenyezi Mungu. Miongoni mwa wanaotajwa kuandika risala juu ya hilo ni Al-Hasan bin Muhammad bin Al-Hanafiyya, mjukuu wa Imam Ali mwenyewe. Hebu fikiri: babu yake ameuawa na wakufurishaji, naye anaandika kuwataka watu wasihukumiane!

Lakini inapokewa pia kuwa alikuja kujuta kuiandika. Na kweli, waliokuja baadaye, Murjia, walilivuta neno mpaka likapasuka. Baadhi yao wakasema maadamu mtu ana imani moyoni, madhambi hayamdhuru kitu. Hapo wanavyuoni wakawapinga vikali. Kumwachia Mungu siri ya moyo wa mtu ni kitu kimoja, na kusema dhulma haina ubaya ni kitu chengine kabisa. Mwizi ni mwizi dalili ikithibiti, na mwenye kudhulumu aambiwe. Anayesitiwa hukumu ni moyo wake.

"SIJUI" YA IMAMU MALIK

Imamu Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka wa 179 Hijriya (795), ndiye mwalimu wa Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu. Inapokewa kuwa siku moja aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui. Mtu mwengine alisafiri miezi sita kumletea suala moja tu, naye akaambiwa vivyo hivyo. Yule mtu akashangaa: nikirudi niwaambie nini? Imamu akamwambia awaambie kuwa Malik amesema hajui.

Sasa sisi tuliosoma vitabu viwili vitatu na kusikiliza kanda chache, tunalo jibu la kila kitu!

MIEZI MIWILI YA IMAMU GHAZALI

Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka wa 450 Hijriya (1058). Kabla ya kufika miaka 40 alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad. Katika kitabu chake Al-Munqidh anaeleza kuwa ilimjia shaka kubwa. Macho huona kivuli kimesimama, kumbe kinatembea kidogo kidogo. Huona nyota ni ndogo kama dinari, kumbe hesabu zinaonyesha ni kubwa kuliko ardhi. Ikiwa macho yanakosea, akili nayo inaaminikaje? Na ndotoni je, si tunaamini kila tunachokiona mpaka tuamke?

Karibu miezi miwili alikaa hali hiyo. Anasema hakuponywa na hoja, bali na nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Wagiriki walitafuta utulivu ndani ya kusita. Yeye alisita akitafuta yakini, akaruzukiwa.

Ghazali hakuwa mtu wa kukataa kila hukumu. Alithubutu kuwakufurisha wanafalsafa katika mambo matatu, baada ya kusoma vitabu vyao kwa kina. Lakini akaandika kitabu kizima, Faysal al-Tafriqa, kuonya juu ya kukufurisha ovyo, na mahali pengine akaeleza kuwa kosa la kumwacha kafiri hai ni jepesi kuliko kosa la kumwaga damu ya Muislamu.

TUFANYE NINI?

Vijana wenzangu, sharia yenyewe imetufundisha kusita, na ndiyo mlango tulioingilia Ramadhan hii. Jioni ya tarehe 29 Shaaban, mwezi usipoonekana wala shahidi asipatikane, hatubahatishi. Tunatimiza 30, kisha tunafunga. Hakuna anayesema sharia ni dhaifu kwa kungoja siku moja.

Basi ikiwa mwezi, ambao ni kitu cha kuonekana kwa macho, tunautafutia shahidi, moyo wa ndugu yako usiouona je? Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakikishe habari (aya ya 6) na tuepuke dhana nyingi (aya ya 12). Leo usiku barazani likija jina la mtu, uliza kwanza: nani ameona? Nani amemuuliza mwenyewe? Pasipokuwa na jibu, sema "Allahu aalam", umimine kahawa. Huenda umeokoa heshima ya mtu, na saumu yako pia.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu. Ramadhan Kareem.