Namna ya kuokoa ndege wa porini aliyejeruhiwa

NDEGE wa porini anapoanguka uani Kisauni, ufuoni Likoni au kando ya barabara Changamwe, mara nyingi uhai wake huamuliwa na mtu wa kwanza kumwokota kabla hajamfikia daktari wa mifugo.

Vituo vinavyojulikana zaidi nchini kwa tiba ya ndege wawindaji kama vile tai, mwewe na bundi ni vya shirika la Kenya Bird of Prey Trust. Viko Naivasha na Soysambu katika Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa. Ndege aliyelazimishwa kunywa maziwa na kuchezewa na watoto usiku kucha hawezi kustahimili safari kama hiyo.

Vyanzo vya majeraha

Katika maeneo ya bara ya Mombasa, ndege huumizwa na nyaya za umeme, vioo vya madirisha, paka, magari na manati. Kwenye mikoko na fuo, yangeyange, shakwe na midiria hunaswa na ndoana au nyuzi za nailoni zilizotupwa na wavuvi.

Mafuta nayo ni hatari. Mwaka 1988, mafuta yalimwagika katika Mkondo wa Makupa karibu na Changamwe na kuangamiza mikoko, ambayo ni makao ya ndege wengi wa majini.

Adui mwingine ni kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, na kufikia mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Hupora mayai na makinda, na huwashambulia bundi na mwewe kwa makundi. Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja.

Bundi ana mkosi wa ziada. Wapo wanaomhesabu kuwa mleta msiba na kumpiga mawe, ilhali ndiye mla panya hodari.

Je, anahitaji kuokolewa?

Si kila ndege aliye chini ni mgonjwa. Kinda mwenye manyoya anayerukarukia ardhini huwa anajifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu. Aachwe, au awekwe juu ya tawi asipofikiwa na paka. Kinda asiye na manyoya arejeshwe kiotani. Si kweli kwamba mama humkataa kwa kuwa ameguswa na binadamu.

Anayehitaji msaada ni yule anayevuja damu, aliyelegea bawa, asiyeweza kusimama, aliyepakwa mafuta au aliyekamatwa na paka. Mdomo wa paka una bakteria hatari, hivyo hata tundu dogo la jino huweza kumuua ndege kwa muda wa siku moja au mbili asipopewa dawa.

Hatua za kwanza

1. Mfunike kwa kitambaa, kichwa kikiwemo. Giza humtuliza. Kwa tai, mwewe na bundi, shika miguu kwa uthabiti, kwani silaha yao ni kucha. Kwa yangeyange na ndege wengine wenye midomo mirefu, linda macho yako.

2. Mweke ndani ya boksi la katoni lililotobolewa matundu na kutandikwa kitambaa. Tundu la waya halifai, kwani humvunja manyoya.

3. Weka boksi mahali pakavu, penye kivuli na kimya. Joto la kawaida la ndege hufikia nyuzi 40 hadi 42, hivyo mgonjwa asipigwe na upepo wala asianikwe juani.

4. Usimtilie maji mdomoni. Njia yake ya pumzi huanzia nyuma ya ulimi, na maji huingia mapafuni kwa urahisi.

5. Usimpe mkate, ugali wala maziwa. Chakula kisichofaa huua haraka kuliko njaa ya saa chache.

6. Usivute ndoana wala uzi alioumeza, na usimwoshe mafuta kwa sabuni nyumbani. Kazi hizo ni za mtaalamu.

7. Mtenge na kuku. Homa ya ndege na mdondo huambukizwa kwa kinyesi na mate. Nawa mikono kwa sabuni.

Ndege aliyegonga kioo mara nyingi hupata nafuu baada ya saa moja au mbili gizani. Akiwa macho na mwenye nguvu, fungua boksi nje na umwache aruke.

Sheria na matibabu

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kufuga mnyama wa porini bila kibali, hata kama nia ni njema. Mwokozi anapaswa kuwaarifu KWS mara moja.

Haraka ina sababu nyingine. Mifupa ya ndege huanza kuunga ndani ya siku chache, na bawa lililocheleweshwa huweza kuunga likiwa limepinda.

Baada ya matibabu, ndege huhamishiwa kizimba kirefu ili arejeshe nguvu za kuruka. Kinda hulelewa bila kuzoeshwa binadamu, kwani akiwazoea hatawaogopa tena. Huachiliwa karibu na alikopatikana, akiwa na uwezo wa kujitafutia chakula. Bundi huachiliwa machweo.

Si wote wanaopona. Asiyeweza kuruka tena, na anayeteseka, huenda daktari akaamua kumpumzisha bila maumivu.

Hatimaye, tazama miguu yake. Januari 2022, furukombe, ndege mla samaki, alipatikana Siaya akiwa amedhoofika. Pete mguuni mwake ilionyesha kwamba alitoka Finland, safari ya maelfu ya kilomita. Alikufa licha ya kutunzwa, lakini namba ile iliwajulisha watafiti alikofika. Kwa hivyo namba ya pete iandikwe na kukabidhiwa KWS, hata ndege akiwa amekufa.