Tarumbeta liimbalo: Hadibopu kwa sikio la Ukambani

MPENZI wa muziki katika Kaunti za Kitui na Makueni aghalabu hulelewa na gitaa. Katika santuri za bendi za Kikamba kama Lower Mbooni Boys na Kaiti Brothers, mwimbaji anyamazapo gitaa la solo hupanda juu, likashika mahadhi mafupi na kuyageuza kidogo kidogo bila kuyapoteza.

Sikio lililozoea mtindo huo limekwisha kupata nusu ya mafunzo yanayohitajika ili kulifurahia tarumbeta la hadibopu, tawi la jazi lililochipuka nchini Marekani katikati ya miaka ya 1950.

Hadibopu ilitokana na bibopu, muziki wa kasi na mafumbo mengi wa muongo uliotangulia. Mpiga ngoma Art Blakey na mpiga piano Horace Silver ni miongoni mwa waliourudisha karibu na bluzi na nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi.

Mfano ulio wazi ni "Moanin'", kibao alichokitunga Bobby Timmons na kurekodiwa na kundi la Blakey mwaka 1958. Piano hutoa, tarumbeta na saksafoni hupokea. Aliyewahi kusikia kilumi, mama mmoja akianzisha wimbo na wenzake wakimwitikia juu ya ngoma, hahitaji kufafanuliwa mpangilio huo.

Tarumbeta lenyewe ni chombo kigumu. Lina vibonyezo vitatu tu. Sauti nyingi hutafutwa kwa midomo na pumzi. Mpigaji gitaa aweza kuendelea apendavyo, lakini mpuliza tarumbeta sharti avute pumzi. Hodari huifanya pumzi hiyo kuwa kituo cha sentensi, si ajali ya mapafu.

Hapo ndipo Clifford Brown alipowapita wengi. Kasi alikuwa nayo tele, ila hata katika "Joy Spring" ya mwaka 1954, aliyoipiga pamoja na Max Roach, kila kauli yake ina mwanzo na mwisho. Msikilizaji aweza kuivumisha solo yake puani kama wimbo uliotungwa kabla, ilhali ilibuniwa papo hapo.

Brown alifariki katika ajali ya gari Juni 26, 1956, akiwa na umri wa miaka 25. Benny Golson alimtungia wimbo wa kumbukumbu, "I Remember Clifford", na mwaka 1957 Lee Morgan akaurekodi. Morgan alikuwa na umri wa miaka 18.

Katika rekodi hiyo kijana huyo hakimbii. Huyashikilia mahadhi, akaipa kila noti urefu wake, na anapoyaacha haendi mbali. Wako mashabiki wanaouona upigaji wa namna hii kuwa wa daraja la chini, kana kwamba ustadi hupimwa kwa wingi wa noti. Wanakosea. Katika mwendo wa pole noti iliyotetereka haina pa kujificha, na huzuni ya kuigiza hujulikana mara moja.

Kenny Dorham, mtunzi wa "Blue Bossa", alikuwa na sauti ya chini zaidi, kama mtu anayezungumza faraghani. Blue Mitchell naye ndiye mlango mwepesi kuliko yote: katika albamu yake "Blue's Moods" ya mwaka 1960 hakuna saksafoni ya kushindana naye, na "I'll Close My Eyes" hueleweka kwa kusikilizwa mara ya kwanza.

Anayeanza na ausikilize utangulizi wa kibao mara mbili, hadi aweze kuuvumisha mwenyewe. Kisha, solo inapoanza, aendelee kuuvumisha kimoyomoyo chini yake. Atasikia mahali tarumbeta linapoukaribia wimbo, linapoukwepa, na linaporejea nyumbani.