Wadudu huponaje kwenye barafu?

Sisi wa Pwani baridi yetu ni ya kusi mwezi wa Julai, shuka moja yatosha. Lakini ziko nchi ambako mito hugeuka barafu kwa miezi, na joto likirudi, nzi na vipepeo nao hurudi. Walikuwa wapi?

Mwili wa mdudu una maji. Yakiganda ndani ya seli, barafu huzipasua na mdudu hufa. Ana njia mbili za kujiokoa: kuzuia maji yake yasigande, au kuyaacha yagande nje ya seli peke yake. Mara nyingi msaada wake ni gliseroli, kile kimiminika kizito kinachotiwa kwenye losheni. Mwili wake huanza kuitengeneza kabla baridi haijafika, siku zinapofupika.

Yai: Panzi wa Kanada hutaga ardhini wakati wa joto, kisha hufa. Mayai husimamisha ukuaji wake, na theluji iliyo juu huyafunika kama blanketi.

Buu: Kiwavi mmoja wa Aktiki, Gynaephora groenlandica, huishi sehemu kubwa ya mwaka akiwa ameganda. Hustahimili hadi nyuzi 60 chini ya sifuri, na humchukua miaka saba au zaidi kuwa nondo.

Pupa: Nondo wa cecropia wa Marekani hupitisha baridi ndani ya kifuko cha hariri, mwili umejaa gliseroli.

Mdudu mzima: Nyuki hukusanyika mzingani na kutikisa misuli ya mbawa ili kutoa joto, wakila asali waliyoiweka. Kipepeo monaki huhama, wengine wakisafiri kilomita 4,000 hadi Meksiko.

Hata Kenya mambo haya yapo. Juu Mlima Kenya maji huganda usiku katika mwezi wowote, kwa hivyo mdudu wa huko hana msimu wa kujiandaa. Lazima awe tayari kila siku. Baadhi ya fukusi wa mlimani huganda usiku na jua likitoka wakaendelea na maisha.

Fukusi wa mchele wako nyumbani hana maandalizi hayo, na hiyo ndiyo faida yako. Weka mchele, unga au kunde kwenye mfuko uliofungwa vizuri, kisha ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne kamili. Usitoe baada ya saa chache: kati ya mfuko huchelewa kupoa, na mayai usiyoyaona hubaki hai. Umeme ukikatika na friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukishatoa, usifungue mfuko mpaka upoe ubaridi wake wote, maana hewa yetu ya unyevu itatia maji ndani na chakula kitaota ukungu. Friji ya kawaida haitoshi; humlaza mdudu tu, akitoka huamka.