Jedwali la Saini: Kutoka kwa Aryabhata Hadi Doom

Wengi wanaotaka kutengeneza gemu huanza vizuri. Wanachora mhusika, wanamsogeza kushoto na kulia, halafu wanakwama siku anapotakiwa kuelekea digrii 37. Hapo ndipo trigonometria waliyodhani wameiacha shuleni inapobisha hodi, na wengine huachia hapo hapo. Leo tupitie historia ya kitu kimoja tu, jedwali la saini (si ile unayotia kwenye hundi!), maana ukijua lilikotoka, hesabu yenyewe haitishi tena.

Tuanze na swali. Mhusika ameelekea pembe fulani, naye anasonga hatua 10. Amekwenda kiasi gani kulia, na kiasi gani juu? Kosaini inajibu la kwanza, saini la pili:

x = x + 10 * cos(pembe)
y = y + 10 * sin(pembe)

(Kwenye skrini nyingi y huongezeka ukishuka, kwa hiyo hapo utatoa badala ya kujumlisha.)

Swali hili ni kongwe kuliko tarakilishi. Walioliuliza kwanza walikuwa wanafalaki, na wahusika wao walikuwa sayari. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria, Misri, alitayarisha jedwali la urefu wa mistari inayokata duara, kwa kila nusu digrii. Kule India, karibu mwaka 499, Aryabhata alitumia nusu ya mstari huo, na nusu hiyo ndiyo saini. Jedwali lake lilikuwa na thamani 24 tu, kila moja ikipishana na nyingine kwa digrii 3.75, hadi kufika 90.

Sasa tazama ujanja wake. Duara la Aryabhata lilikuwa na nusu kipenyo cha 3438. Kwa nini nambari hiyo? Duara lina digrii 360, na kila digrii ina dakika 60, yaani dakika 21600. Gawanya kwa mara mbili ya pai, utapata karibu 3438. Kwa kuchagua duara kubwa hivyo, aliweza kuandika saini kwa nambari kamili bila desimali hata moja. Ya kwanza ni 225.

Elimu hiyo ilifika Baghdad, ambako katika karne ya 9 al-Khwarizmi (ndiye aliyetupa neno algorithimu) naye alitayarisha jedwali la saini. Kutoka kwa Waarabu ikafika Ulaya.

Turuke hadi tarehe 10 Desemba 1993, siku id Software walipotoa gemu ya Doom. Kompyuta nyingi za nyumbani wakati huo zilikuwa za 386 au 486SX, ambazo hazikuwa na sehemu maalum ya kukokotoa desimali. Kukokotoa saini upya kila mchezaji anapogeuka kungeifanya gemu itambae kama konokono. Dawa ilikuwa ile ile: jedwali. Msimbo wa Doom ulitolewa kwa umma mwaka 1997, na ndani yake kuna jedwali liitwalo finesine. Duara zima limekatwa vipande 8192, na 1 imewakilishwa na 65536, ili kila thamani iwe nambari kamili. Yaani Aryabhata na 3438 yake, miaka karibu 1500 baadaye!

Lakini ukihesabu nambari za jedwali hilo utakuta 10240, si 8192. Zile 2048 za ziada ni za nini? Ni robo ya duara. Kosaini ni saini iliyosogezwa robo duara, kwa hiyo Doom haina jedwali la pili. Ikitaka kosaini, inasoma lile lile kuanzia nafasi 2048 mbele, na ziada ile inazuia kusoma nje ya jedwali.

Majedwali hayakudumu na umuhimu huo. Quake ya mwaka 1996 ilihitaji kompyuta yenye uwezo wa desimali, na siku hizi kukokotoa saini moja kwa moja kunaweza kuwa haraka kuliko kuisoma kwenye kumbukumbu. Lakini mambo yaliyowasaidia wale wa zamani hayajabadilika: robo ya duara inatosha kukupa duara zima, na ukijua saini unayo kosaini.

Basi zoezi ni hili. Tengeneza jedwali lako la thamani 24, kisha lizungushe mshale wa saa kwenye skrini bila kuita sin wala cos. Ukilinganisha na sin ya lugha yako, kumbuka lugha nyingi hupima pembe kwa radiani, kwa hiyo zidisha digrii kwa pai, ugawe kwa 180. Mshale ukizunguka sawasawa, trigonometria ya gemu umeianza.

Haya, kazi kwenu!