Mji Uliopimwa kwa Mwili: Hisi za Binadamu katika Ujenzi wa Mji wa Kale wa Mombasa

Mafundi wa nyumba za mawe wa Mombasa walipima kwa viungo vya mwili: shibiri, dhiraa na pima. Upana wa chumba haukuwa jambo la kuchagua, kwani uliamuliwa na boriti, zile nguzo za mikoko zilizouzwa kwa korija, ambazo haziwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa likivuka nafasi ya mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Ndani ya mipaka hiyo, yaliyobaki yote, yaani unene wa ukuta, mahali pa mlango, kimo cha dirisha na upana wa njia, yaliamuliwa kidogo kidogo kwa karne nyingi na ngozi, macho, masikio na pua za waliokaa humo. Maarifa hayo yalipita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi wake, na leo husomwa kwenye kuta zenyewe na katika maandishi ya wageni.

Ushuhuda wa zamani unahusu nyayo. Msafiri Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, alieleza kwamba watu walitembea miguu mitupu, na kwamba mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi kimoja au viwili na chombo cha mti chenye mpini wa kutekea. Ardhi ya hapo ilisawazishwa. Mwenye kutaka kuingia aliosha miguu, kisha akaisugua juu ya kipande cha mkeka mnene uliowekwa kizingitini. Huo ni mpango wa ujenzi kamili: maji, sakafu na mkeka vimepangwa kwa kufuata hatua za mtu na kile ambacho unyayo wake unahisi katika kila hatua.

Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliuvamia mji na kuuteketeza. Maelezo ya Wareno ya vita hivyo yanazungumzia nyumba zilizofika ghorofa tatu, zilizopakwa chokaa, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kupita sambamba. Baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba zilizidi kuvibana. Wavamizi waliona kikwazo cha vita, maana wenyeji waliwarushia mawe kutoka juu ya mapaa. Kwa mwenyeji, wembamba huohuo ni kivuli. Kuta ndefu zilizokaribiana huzuia jua lisifike chini isipokuwa saa chache za mchana, na mwenye kuketi barazani hukaa mahali ambapo jiwe bado lina ubaridi wa asubuhi.

Joto la Mombasa halielezwi na kipimajoto peke yake. Mwili hupoa kwa jasho linalokauka, na hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hukauka polepole mno pasipokuwa na upepo. Nyumba ya kale ilijibu kwa njia mbili. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, huchukua joto la mchana polepole na kuchelewa kulipitisha ndani. Nao upepo ulitafutwa kwa ua, kwa madirisha yanayokabiliana na, baadaye, kwa ghorofa zilizoelekea bahari upande wa bandari ya kale. Kusi na kaskazi, zilizoleta na kurudisha majahazi, zilipoza pia vyumba vya wenye majahazi.

Sura ya mji inayoonekana sasa katika mtaa wa Ndia Kuu na mitaa ya jirani ni ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walipojenga nyumba za ghorofa zenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Roshani nyingi zilifungwa kwa vimiani vya vipande vya mbao vilivyopishana. Kazi ya kimiani ni kupitisha upepo na kumwezesha aliye ndani, hasa mwanamke, kutazama njia bila kutazamwa. Hapa fundi aliutumia udhaifu wa jicho kwa ustadi unaostahili kuheshimiwa. Mwaka 1834 mwanasayansi Ernst Heinrich Weber wa Leipzig alionyesha kwamba mtu hatambui tofauti yenyewe kati ya uzito mmoja na mwingine, bali uwiano wake: gramu chache huhisika juu ya mzigo mwepesi na hupotea juu ya mzito. Gustav Fechner alipanua kanuni hiyo mwaka 1860 hadi kwenye hisi nyingine. Kwa mpita njia, mwanga hafifu unaotoka chumbani ni nyongeza ndogo mno juu ya mng'ao wa jua uliopiga mbao za kimiani, na jicho lake haliioni. Aliye gizani anaona yote. Usiku taa ikiwashwa ndani mambo hugeuka, na ndipo mbao za dirisha zilipofungwa. Simu ya leo inayopima mwanga wa mahali kabla ya kuamua mng'ao wa kioo chake inategemea uwiano huohuo.

Sikio lilitengewa nafasi yake mlangoni. Katika nyumba nyingi za Waswahili njia ya kuingia hupinda baada ya daka, hata jicho la mgeni ligonge ukuta huku sauti yake ya hodi ikipita na kufika uani. Pua nayo haikusahauliwa: choo kiliwekwa pembeni, na chetezo cha udi kilipitishwa vyumbani na kwenye nguo.

Mpango huu ulianza kuvunjika kwa vifaa vipya. Mabati, tofauti na makuti, huwaka joto jua linapopanda na hufanya kelele kubwa mvua inaponyesha. Kuta nyembamba za saruji ziliruhusu vyumba vipana, lakini zikapoteza ule ucheleweshaji wa joto. Kisha kikaja kiyoyozi. Willis Carrier alikibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ili karatasi isitanuke kwa unyevu. Mwili wa mtu haukuwa hoja. Hata mhandisi Ole Fanger alipochapisha mwaka 1970 hesabu yake ya hali ya hewa inayoridhisha watu, aliijenga juu ya majaribio ya maabara kwa wanafunzi wa Marekani na Denmark. Hesabu hiyo ikawa msingi wa viwango vya majengo duniani, pamoja na miji ambayo miili ya watu wake haikuwahi kuulizwa.

Waliouliza ni watafiti kama Michael Humphreys na Fergus Nicol, waliokwenda kwa watu majumbani na kazini. Richard de Dear na Gail Brager walikusanya takriban vipimo 21,000 kutoka majengo 160 ya mabara kadhaa, na mwaka 2004 kiwango cha Marekani cha ASHRAE 55 kikakubali kwamba mtu anayefungua dirisha lake mwenyewe huridhika na joto linalopanda pamoja na joto la nje. Kwa mji wenye wastani wa nyuzi 26 nje, hesabu hiyo inaruhusu karibu nyuzi 29 ndani. Kwa unyevu wa Mombasa sharti lake ni upepo, yaani kile ambacho ua na kimiani vilikuwa vikitoa.

Tangu miaka ya 1990 Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, chini ya ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kosa linalorudiwa sana katika ukarabati ni kupaka saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Chokaa hupitisha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na lipu hubanduka. Roshani zikizibwa kwa vioo au matofali ili kutunza ubaridi wa kiyoyozi, chumba kilichojengwa kwa ajili ya upepo hutegemea umeme, na stima ikikatika huwa na joto kuliko kilivyokuwa kabla ya kurekebishwa.