Jiko la Bati na Bei ya Mkebe

Shambani, ambako mafiga matatu na kuni za kuokota vilikuwa milki ya kila nyumba, moto haukuwa na bei ya fedha. Alipohamia Nairobi mtu wa shamba, katika zama za utawala wa Waingereza, ndipo alipong'amua kwamba hata maji ya uji huchemshwa kwa kitu cha kununuliwa sokoni. Jiko alilolikuta huko, ambalo yasemekana lililetwa na mafundi wa Kihindi wa reli, lilikuwa la bati tupu, na harara yake nyingi ikipotea ubavuni kabla ya kuifikia sufuria. Mkaa wenyewe aliununua kwa mkebe, kwani mnunuzi wa gunia sharti awe na akiba, naye fukara hana. Basi akalipa zaidi kwa kila ratili kuliko jirani yake tajiri, na dhuluma hiyo haijaondoka hata leo.

Baada ya mkutano wa nishati wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu walilichukua jiko la ndoo la Thailand wakalitengeneza upya pamoja na mafundi wa Kenya: ganda la bati lililobanwa kiunoni, na ndani yake, sehemu ya juu, bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kupitisha majivu, lililoshikizwa kwa saruji. Wahunzi wa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, wakaligonga kutokana na mapipa makuukuu, wakaliuza kwa bei ambayo mtu wa kibarua aliimudu, na mkaa wa mkebe mmoja ukadumu zaidi.

Serikali, walakini, haikushika njia moja. Mwaka 2018, ukataji wa miti katika misitu ya umma uliposimamishwa mwezi Februari na mkaa ukapanda bei, mafuta ya taa nayo yalitwikwa, mwezi Septemba, ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili wachuuzi wasiyachanganye na dizeli: hatia ni ya mchuuzi, mlipaji ni mama mwenye stovu na kibatari. Nayo gesi ya kupikia, iliyosamehewa kodi mwaka 2016, ilitozwa asilimia 16 Julai 2021, kisha 8, kisha ikasamehewa tena mwaka 2023.

Nawasihi wenye kupanga mambo ya nishati safi waamuru gesi iuzwe pia kwa kipimo kidogo, kwa bei ileile ya kilo anayolipa mwenye kununua mtungi mzima.